Mwenye Ufunguo wa Sanduku la Posta



Mwaka 1988 mwandishi wa Kimarekani A. R. Gurney alitoa mchezo wa jukwaani ambao wachezaji wake, kwa hakika, hawachezi. Hukaa wawili, mwanamume na mwanamke, bega kwa bega nyuma ya meza, kila mmoja na karatasi zake mkononi, wakawa wakisoma barua walizoandikiana tangu utotoni. Hawainuki wala hawagusani, na mpaka karibu na mwisho hawatazamani. Hakuna mapambo ya jukwaa wala mavazi ya kubadilisha, na msomaji hatakiwi hata kuyahifadhi maneno, kwa kuwa karatasi anayo. Mchezo huo unaitwa Love Letters, yaani Barua za Mapenzi. Nilikutana nao kitabuni nilipokuwa nikisomea ualimu, na tangu mwaka 2021 nimeufikiria mara nyingi, kwa sababu ya jambo lililotokea katika nyumba niliyoolewa hapa Mumias.

Kisa chenyewe si kirefu. Andrew na Melissa wanaanza kuandikiana mwaka 1937, wakiwa watoto wa darasa la pili, kwa barua ya kukubali mwaliko wa karamu. Andrew anapenda kuandika. Kwake barua ni wajibu na ni starehe pia. Melissa huchoka upesi na kalamu, na aghalabu hupenda kuchora picha kuliko kupanga maneno. Wanapelekwa shule za bweni mbalimbali, wanakua, na wanapojaribu kukaribiana ana kwa ana wanajikuta kama wageni. Melissa anazilaumu barua: zimewazoesha watu wawili wa karatasi, na wale wa damu na nyama hawafanani nao. Kila mmoja anaoa na kuolewa kwingine. Andrew anakuwa mwanasheria, kisha seneta. Melissa anakuwa mchoraji, ndoa yake inavunjika, anatenganishwa na watoto wake, na ulevi unamshika. Katika utu uzima wanakaribiana kwa namna ambayo sisi hatuihalalishi, wala sitaipamba hapa. Uchaguzi unapokaribia, Andrew anajitenga naye. Melissa anakufa. Barua ya mwisho Andrew anamwandikia mama yake marehemu, na ndani yake anasema yale ambayo alikuwa na takriban miaka hamsini ya kumwambia mwenyewe.

Wale miongoni mwenu mliokulia Mombasa na sinema za Kihindi mnamjua Farooq Sheikh, yule wa filamu ya Noorie ya mwaka 1979. Mwaka 1992 mwandishi Javed Siddiqui aliufanya mchezo wa Gurney kuwa wa Kiurdu, akauita Tumhari Amrita, maana yake Amrita Wako. Andrew akawa Zulfikar Haider, kijana wa Kiislamu. Melissa akawa Amrita Nigam, binti wa Kihindu. Farooq Sheikh na Shabana Azmi waliusoma kwa zaidi ya miaka ishirini, chini ya uongozi wa Feroz Abbas Khan. Tarehe 14 Disemba 2013 waliusoma Agra, Taj Mahal ikiwa nyuma yao, na wiki mbili baadaye Farooq Sheikh akafariki Dubai. Jambo moja hunishangaza katika safari hiyo ya mchezo kutoka Marekani hadi Bara Hindi. Waliobadilisha lugha, dini, majina na miji hawakuhitaji kubadilisha mwendo wa kisa. Watu wawili wanaandikiana, na swali lenyewe haliulizwi.

Sasa nije nyumbani kwetu.

Bavyaa wangu alifariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya arubaini, tulipokuwa tukivipanga vitu vyake kwa ajili ya mirathi, mume wangu alikuta chini kabisa ya kasha la nguo mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na stakabadhi za miwa za miaka ya sabini, kitambulisho cha zamani cha babu yake, na barua kumi na moja za kutoka Mombasa. Zilikuwa na jina la shangazi yake, na gundi ya kila bahasha ilikuwa bado imeshika.

Shangazi huyo tunaishi naye ua mmoja. Hakuolewa. Aliwalea watoto wa kaka yake, na ndiye aliyewafundisha wanangu Juzuu Amma kabla hawajaingia madrasa. Wao humwita Kukhu, kama waitavyo bibi watoto wa huku. Nilipofika hapa niliambiwa kwamba zamani palikuwa na fundi cherehani wa Pwani, aliyekodi kibaraza karibu na soko wakati kiwanda cha sukari kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973 na fedha zikaanza kuonekana mjini. Alishona kanzu na buibui. Mwaka 1976 baba yake aliugua, akarudi kwao, na habari yake ikaishia hapo. Hivyo ndivyo ilivyosimuliwa, kwa sauti ya chini, na nilijifunza mapema kutouliza zaidi.

Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na sita mkebe ulipopatikana, aliuliza kwa nini yule fundi hakupiga simu. Ilinibidi nimweleze ulimwengu ule. Hapa Kenya mleta barua haji mlangoni. Barua hulala katika sanduku la posta, na sanduku lina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. Nyumba ya Waislamu wa Mumias ya mwaka 1976 ilikuwa na sanduku moja kwa jina la baba au kaka mkubwa, au haikuwa nalo na ikapokelea barua dukani kwa mtu. Msichana hakuwa na anwani. Aliyetaka kumwandikia aliandika jina lake, kisha "kupitia kwa", kisha jina la mwanamume, kisha S.L.P. na nambari. Bavyaa aliuvaa ufunguo huo kiunoni, katika pete moja na funguo za stoo, na alikwenda posta kila Jumanne na Ijumaa. Nami niliuona kiunoni pake kwa miaka zaidi ya ishirini.

Huu ni mji wenye kisa chake cha barua za wenyewe. Mnajua kwamba Mumias ilikuwa kituo cha misafara ya Pwani tangu enzi ya Nabongo Shiundu, hata pakaitwa Kwa Shiundu, na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyouleta Uislamu hapa kabla ya reli na kabla ya serikali ya kikoloni. Barua za Uganda na za Pwani zilipitia hapa. Mwaka 1889 Mwingereza Frederick Jackson alipiga kambi kwa Nabongo Mumia, kisha akaenda upande wa Mlima Elgon. Akiwa huko, mwanzoni mwa mwaka 1890, Mjerumani Carl Peters akafika, akakuta barua za Jackson zikimngoja, akazifungua akazisoma. Humo akajua kwamba Kabaka Mwanga anaomba msaada, naye akakimbilia Buganda na kutia saini mkataba na Mwanga kabla ya mwenye barua kurudi. Mkataba wenyewe haukudumu. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo Uingereza na Ujerumani zilipatana, na karatasi ya Peters ikawa haina kazi. Nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi habari hii walikuwa wakicheka ujanja wa Peters. Siku hizi naisimulia kwa haraka zaidi.

Bavyaa hakuzifungua zile barua. Hilo nalitaja kwa haki yake. Katika Sunan ya Abu Daud imo riwaya inayoonya vikali juu ya kuitazama barua ya mwenzio bila idhini, na ijapokuwa wanazuoni wameidhoofisha sanadi yake, maana yake inaafikiana na katazo la upelelezi lililomo katika Sura ya Al-Hujurat. Huenda alilijua hilo. Alizipokea, akaona mwandiko, akazitia mkebeni, akafunga kamba. Hakuzichoma wala hakuzirudisha. Nimejaribu kumwona akifanya hivyo mara kumi na moja, na kila mara namwona akisita kidogo.

Warithi walipokutana, maneno yalitofautiana. Shemeji yangu mmoja alisema zichomwe, kwani kumsitiri maiti ni wajibu na bibi yule ameshatulia. Mwingine alisema tuzisome kwanza ndipo tuamue. Mume wangu alikwenda kwa shekhe mmoja, akamweleza bila kutaja majina, na jibu alilorudi nalo lilikuwa fupi: mali ya mtu aliye hai haiingii katika mirathi ya mwingine. Baada ya hapo hapakuwa na la kujadili. Siku ya pili baada ya alasiri alimkabidhi shangazi yake mkebe, mbele yangu, akamwambia ulikotoka. Kukhu alizihesabu barua mara mbili, akaziweka mapajani, akauliza kama chai iko tayari.

Wiki tatu hakuzigusa. Kisha akaniita barazani. Macho yake yana mtoto wa jicho, na maandishi madogo hayaoni. "Nisomee, mwanangu," akasema, "lakini usinitazame." Tukakaa viti viwili bega kwa bega, tukielekea barabara ya miwa, nami nikasoma. Hapo ndipo Gurney alipoingia kichwani mwangu.

Ameniruhusu kuandika haya kwa masharti mawili: nisitaje jina la yeyote, na nisinukuu hata mstari mmoja. Ninalosema ni lile alilokubali lisemwe. Barua ya kwanza ilikuwa ya salamu na habari za safari. Ya pili iliuliza siku. Yule fundi alitaka kujua ni mwezi gani nyumba ingekuwa tayari kumpokea baba yake, akipata nafuu, pamoja na ami yake, waje kwa adabu kuleta posa, na je, wazee wa huku wana desturi gani ya mahari ili wasije wakakosea. Ya tatu iliuliza kama ya pili ilifika. Ya nne iliuliza tena. Ya tano na ya sita sitazieleza. Tulipoimaliza ya sita Kukhu aliuweka mkono wake juu ya karatasi, nami nikakunja.

Basi yeye kwa miaka arubaini na mitano alijua kwamba alisahauliwa, na mwanamume yule alijua kwamba alikataliwa, na hakuna aliyesahau wala aliyekataa. Kaka yangu aliulizia Majengo na Guraya. Yule fundi aliendelea na ushonaji, akaoa mwaka 1981, akajaliwa watoto, na amekwisha kufariki. Nilimpelekea Kukhu habari hiyo baada ya swala ya isha. Alisema inavyostahili kusemwa kwa aliyetangulia, akavuta leso yake mabegani, akarudi kwenye mswala.

Ugumu wangu mimi uko kwa bavyaa. Huyu ndiye aliyekuja kuniposa. Mwaka 1998 alipanda basi la usiku pamoja na wazee watatu kutoka Mumias hadi Mombasa, akakaa ukumbini kwetu Kibokoni, akajibu kila swali la baba yangu kwa upole, na alipoulizwa kama binti wa Pwani atapendwa huko bara alisema atakuwa binti yake. Akawa hivyo. Nilipojifungua kwa shida alikesha hospitali kuliko mtu mwingine yeyote. Sasa mtu huyuhuyu, akiwa na miaka ishirini na sita, baba yake amekufa na wadogo watano wako mikononi mwake, alikuwa na posa ya heshima kiunoni na hakuijibu.

Sababu zake naweza kuzikisia, na sizidharau. Mji wa misafara unakumbuka mambo yake. Wapo wanawake wa huku walioolewa na wasafiri wa Pwani, msafara ukaondoka na mume akaondoka nao, na watoto wakabaki kwa wajomba. Wazazi waliwaonya mabinti zao: Mswahili huja na kanzu nyeupe, huondoka nayo. Kijana aliyebebeshwa uwalii mapema angeweza kuogopa kumpeleka dada yake maili mia nyingi kwa watu asiowajua. Kuogopa huko si dhambi. Alikuwa na haki ya kuuliza, kupeleleza nasaba, kuchelewesha, hata kukataa kama alikuwa na sababu ya kisheria. Hakuwa na haki ya kunyamaza, kwa sababu ukimya wake ulisomwa na watu wawili kama jibu, na kila mmoja alilisoma kivyake.

Dini yetu imelizungumza jambo hili waziwazi kuliko sisi tunavyolizungumza. Imam Bukhari amepokea habari ya sahaba Maaqil bin Yasar, aliyemwoza dada yake, kisha mume akamwacha, na eda ilipokwisha mume akarudi kumposa. Dada alitaka kurudi. Kaka akakataa kwa hasira, kwamba nilikukirimu ukamwacha, leo unarudi. Ndipo ikateremka aya ya 232 ya Sura ya Al-Baqara inayowakataza mawalii kuwazuia wanawake na waume zao wakiridhiana kwa wema. Maaqil aliposikia aliiacha hasira yake na akamwoza tena. Tazameni kwamba mlengwa ni kaka, na kaka mwema, sahaba wa Mtume (S.A.W.).

Kuna na ile ya Barira na Mughith, ambayo naipenda zaidi kwa kuwa ndani yake mapenzi hayakutimia na hakuna aliyedhulumiwa. Barira alipoachwa huru alipata hiari ya kubaki na mumewe au kumwacha, akamwacha. Mughith alimfuata katika njia za Madina akilia, machozi yakitiririka ndevuni. Mtume akamwonyesha ami yake Abbas namna mapenzi ya huyu na chuki ya huyu vilivyokuwa vya ajabu, kisha akamwambia Barira laiti angemrudia. Barira akauliza kama ni amri. Akajibiwa kwamba ni uombezi tu. Akasema hamhitaji. Likaisha. Hadithi hii wengi huitaja kwa ajili ya haki ya mwanamke, na ni kweli. Mimi humtazama pia Mughith: alilia, lakini alijua analilia nini.

Riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979 na ambayo tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii, nimeirudia pia tangu mkebe ule ufunguliwe. Wengi wenu mnakumbuka habari ya wake wenza na mjane aliye edani akimwandikia rafiki yake. Wachache hukumbuka kwamba ndani yake kuna barua ya kukataa posa. Daouda Dieng, aliyempenda Ramatoulaye tangu ujana, anarudi kumposa baada ya kufiwa. Ramatoulaye anamheshimu, hampendi kwa namna ya mke, na mwanamume yule ana mke tayari. Anakaa, anaandika jibu, analitia katika bahasha, analipeleka kwa mkono wa jirani. Daouda anaumia. Lakini karatasi imefika.

Nilimsimulia Kukhu habari za mchezo wa Gurney jioni moja, kwa kupitisha muda, nikashangaa alivyoshikilia kuusikia wote. Kwa hiyo likizo ya Agosti nikaufasiri kwa Kiswahili changu cha darasani, nikiruka niliyoona hayasomeki mbele ya mtoto, na kwa jioni nne tukausoma pale barazani. Binti yangu alikuwa Melissa, mimi nilikuwa Andrew. Hatukuwa na meza; karatasi tuliziegemeza kwenye sinia. Mvulana wa jirani aliyeleta maziwa alisimama akidhani tunagombana kwa adabu.

Kukhu alisikiliza kama asikilizavyo darsa, mikono imekunjwa. Melissa alimfurahisha. Alicheka kila mara msichana yule alipomkataza Andrew kuandika barua ndefu. Jioni ya tatu, Andrew alipoanza kuandika habari za jimbo lake, kura zake na jina lake, akamwachia Melissa mistari miwili mitatu, Kukhu alisonya kwa sauti. Binti yangu akasita, akaniangalia. "Endelea," Kukhu akamwambia. Na tulipofika mwisho, Melissa amekwisha kufa na Andrew anamimina maneno kwa mama mtu, alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Huyu," akasema, "barua zake zote zilifika?"

"Zote, Shangazi."

"Na za yule msichana zikamfikia?"

"Zikamfikia."

"Na bado?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimekwisha kusoma maelezo kadhaa ya mchezo huu, ya watu waliousifu na waliouona mwepesi, na sikukuta swali lililoupasua kama lile. Tunazoea kuamini kwamba barua ndizo zilizowahifadhi Andrew na Melissa, kwamba bila hizo wasingekuwa na kitu. Kibran Khalil akiwa New York na May Ziadeh akiwa Cairo waliandikiana takriban miaka ishirini, hadi Kibran alipofariki mwaka 1931, na hawakuonana hata siku moja. Watu huisimulia habari hiyo kwa kuugua kwa raha. Kukhu hana raha hiyo. Kwake barua ni chombo cha kupeleka haja, kama jahazi. Fundi cherehani aliyemaliza darasa la saba aliliuliza swali lake katika barua ya pili. Seneta aliyesoma vyuo vikubwa aliandika kwa nusu karne bila kuliuliza.

Binti yangu aliniuliza usiku ule kama babu yake alikuwa mtu mbaya. Nikamwambia hapana, na nikamwambia pia kwamba alimdhulumu dada yake, na kwamba maneno hayo mawili yatakaa pamoja katika nyumba hii, na yeye atayazoea kama tunavyoyazoea sisi. Tunamsomea Yasini kila Alhamisi usiku. Kukhu huanza kabla yetu sote.

Sanduku la posta bado tunalilipia, ijapokuwa siku hizi huja karatasi za benki na kadi chache za Idi. Ufunguo uko kwangu. Wasichana wawili wa jirani wanaotafuta nafasi za chuo hutumia nambari yetu, na bahasha zao huwapelekea siku ileile, hata mvua ikinyesha. Mama wa mmoja wao aliniomba nimpe yeye kwanza, aone. Nilimwambia nitampa mwenye jina, na yeye akae karibu naye anapofungua. Hakupendezwa sana, lakini tunasalimiana.

Barua tano hazijafunguliwa. Kukhu anazo katika mkoba wake wa ngozi, pamoja na tasbihi na kadi ya hospitali. Ijumaa iliyopita, tuliporudi kutoka msikitini, nilimuuliza kama tuendelee na ya saba. Akatazama wingu lililokuwa likija kutoka upande wa Nzoia, akasema tuanue mahindi kwanza.